Alama za aina zinazosomeka: Python ya daftari la karafuu

Msimu uliopita nilifungua faili nililoliandika mwenyewe mwaka mmoja kabla, nikakuta mstari huu:

```python
def ujira(d: dict[str, list[tuple[str, float, float | None]]],
          b: float) -> dict[str, float]:
```

Binamu yangu, aliyekuja Mtambwe, Pemba, kunisaidia hesabu za wachumaji, aliinama juu ya kioo akauliza: "Kaka, hii float ya pili ni pishi au ni pesa?"

Nilitizama, jibu sina. Mstari ulikuwa sahihi, maana kikaguzi, programu inayokagua msimbo, kilikuwa kimya. Ilinibidi nishuke mistari arobaini chini, nitafute pale inapotumika, ndipo nikamwambia: ni advansi, pesa aliyochukua mchumaji kabla ya kupimwa. Float ni nambari yenye desimali, na ile ya kwanza ndiyo pishi. Na zile `str` mbili, yaani maandishi? Ya nje ni jina la shamba, ya ndani ni nambari ya mchumaji. Hilo nalo nililipata kwa kutafuta.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyoandika alama za aina, na ninayoyaeleza hapa ndiyo yaliyonifaa. Anayeanza Python atayafuata, na aliyekwisha kuizoea huenda akapata la kuchukua. Mifano yote ni ya karafuu, kwa sababu programu ninayoitunza ni ya karafuu: ami yangu ana mikarafuu, wachumaji wanalipwa kwa pishi, na zamani yote yalikuwa katika daftari la jalada gumu.

Alama hizi ni nini, na nani anazisoma

Python, lugha ya kuandikia programu, haikulazimishi kusema kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kina nini ndani. Leo `x` ni nambari, kesho ni maandishi, na lugha yenyewe hujua aina pale programu inapokwenda. Alama ya aina ni maneno unayoyaweka baada ya nukta mbili, au baada ya mshale kwa kinachorudishwa, kusema ulichokusudia:

```python
def ujira(pishi: float, bei: int) -> float:
    return pishi * bei
```

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapodhani wamelindwa na hawakulindwa. Python ikiendesha programu haiziangalii alama hizi. Data yetu ya mwanzo ilikuwa ikitoka katika faili la maandishi, na maandishi ukiyasoma yanakuja kama maandishi. Kwa hiyo tulipoita `ujira("6", 1000)`, Python haikukataa. Kwake yeye, maandishi mara nambari ni kuyarudia maandishi. Ikatutolea tarakimu ya sita mara elfu moja, zikifuatana, kioo kizima sita tupu. Ami alidhani kompyuta imeharibika.

Anayezisoma alama ni wawili. Wa kwanza ni kikaguzi, programu ya pembeni kama mypy, inayopitia msimbo kabla hujauendesha na kukwambia: hapa umetoa maandishi, lakini palitakiwa float. Wa pili ni mtu. Kikaguzi hakichoki. Ukikipa `dict[str, list[tuple[str, float, float | None]]]` kitaisoma yote na kuielewa. Mtu hawezi, na mtu ndiye atakayebadilisha msimbo huo msimu ujao. Kwa hiyo ninapoandika alama namfikiria mtu kwanza, kikaguzi kitajitegemea.

Hata waliotengeneza lugha wamekuwa wakielekea huko hatua kwa hatua. Python 3.0 ya mwaka 2008 iliweka nafasi ya alama kwenye fankisheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachofanya kazi moja, bila kusema zina maana gani. Maana yake ilikuja na Python 3.5 mwaka 2015, kwa pendekezo la PEP 484 la Guido van Rossum, Jukka Lehtosalo na Łukasz Langa. Lehtosalo ndiye aliyeianzisha mypy, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu Cambridge. Wakati huo ulilazimika kuagiza `List` na `Dict` zenye herufi kubwa kutoka maktaba ya `typing`. Kuanzia 3.9 unaandika `list[str]` ya kawaida. Kuanzia 3.10 unaandika `int | None`, yaani nambari kamili au hakuna, badala ya `Optional[int]`, na hilo lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu neno `Optional` limepoteza watu wengi. Wanadhani linasema kigezo hiki, yaani kinachopokewa na fankisheni, unaweza kukiacha. Halisemi hivyo. Linasema thamani yenyewe inaweza kuwa `None`. Kigezo unachoweza kukiacha ni kile ulichokipa thamani ya kuanzia kwa alama ya sawasawa, hayo ni mambo mawili mbali mbali. Kile kijiti kilichosimama hakimpotezi mtu: hiki au hiki.

Tizama kwanza mashine yako ina toleo gani, kwa `python3 --version`. Kama bado ni 3.8, jua kwamba toleo hilo liliacha kuhudumiwa Oktoba 2024, na ni bora upandishe.

Anzia mlangoni

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika alama kila mahali. Nilikuwa na mistari kama hii:

```python
jumla: int = 0
jina_la_shamba: str = "Bondeni"
```

Alama hizo hazimwambii mtu kitu. Sifuri inaonekana ni sifuri, na kikaguzi kinajua mwenyewe. Zinaziba tu yale ya maana.

Weka alama kwenye milango: vigezo vya fankisheni na kinachorudishwa. Hapo ndipo data inapoingia na kutoka, na hapo ndipo msomaji anaposimama kwanza. Ndani ya fankisheni acha kikaguzi kijifahamie, isipokuwa pale kisipoweza, kwa mfano orodha tupu:

```python
malipo: list[int] = []
```

Hapa alama inastahiki, maana mabano matupu hayasemi yatajazwa nini.

Jambo moja la mypy ulijue mapema: fankisheni isiyo na alama hata moja, mypy kwa kawaida haikagui ndani yake. Inapita. Kwa hiyo kimya chake si ushahidi kuwa mambo ni mazima. Huenda haikuingia kabisa.

Jina na ngeli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo miongozo ya Kiingereza haiwezi kukufundisha. Mimi vigeu vyangu naviita kwa Kiswahili. Maneno ya lugha yenyewe, `def`, `int`, `list`, hayabadiliki, lakini majina ni yangu, na Kiswahili kinanipa kitu cha bure: ngeli.

`mchumaji` ni mmoja, `wachumaji` ni wengi. `mchumo` mmoja, `michumo` mingi. Kabla msomaji hajafika kwenye nukta mbili, kiambishi kimeshamwambia kama anakuta kimoja au orodha. Basi jina na alama vipatane kama mtenda na kitenzi chake vinavyopatana. Ukiandika

```python
mchumaji: list[str]
```

umeandika sentensi isiyo na upatanisho, sawa na kusema "mtoto wamekuja". Kikaguzi hakitaona kosa, lakini jicho la Mswahili litakwama. Andika `wachumaji: list[str]` nawe usome tofauti yake.

Sasa, ngeli ya I-ZI. Karafuu moja, karafuu nyingi. Bei, bei. Siku, siku. Saa, saa. Hapa jina halina uwezo wa kusema moja au nyingi, na mzigo wote unaiangukia alama. `bei: int` na `bei: list[int]` ni majina yale yale, na alama peke yake ndiyo inayotenganisha. Kwa maneno ya ngeli hii mimi siachi alama hata kama naona iko wazi.

Na `siku` ina shida zaidi ya hiyo. Katika faili langu la kuanika nilikuwa na fankisheni tatu, kila moja na kigezo kinachoitwa `siku`. Ya kwanza ilikuwa idadi ya siku karafuu zilizokaa juani. Ya pili ilikuwa tarehe zilipoanikwa. Ya tatu ilikuwa orodha ya tarehe zilizonyesha mvua, kwa sababu mvua ikija karafuu zinakusanywa na majamvi yanakunjwa, na siku hiyo haihesabiwi. Zote `siku`, zote bila alama. Siku moja nilipeleka ya pili kwenye nafasi ya kwanza na programu ikafia njiani. Dawa yake ilikuwa jina na alama kwa pamoja:

```python
idadi_ya_siku: int
siku_ya_kuanika: date
siku_za_mvua: list[date]
```

Tizama vile viunganishi. "Ya" na "za" vimerudisha umoja na wingi uliopotea. `siku_ya` ni moja, `siku_za` ni nyingi. Hii ndiyo sababu sipendi kufupisha majina kuwa `sk` au `d`. Unakata kile kile kilichokuwa kinamsaidia msomaji.

Safu isiyo na jina, ipe jina

Turudi kwenye ule mstari wa mwanzo. Ubaya wake si urefu tu. Ubaya wake ni kwamba ndani yake mna kitu ambacho kila mtu shambani anakijua, safu moja ya daftari, lakini msimbo haujakipa jina. Ami akisema "mchumo wa jana", kila mtu anajua ni nani, amechuma shamba gani, pishi ngapi, amechukua advansi kiasi gani. `tuple[str, float, float | None]` inabeba hayo yote na haisemi hata moja.

Python tangu 3.7 ina `dataclass`, njia ya kuipa safu jina pamoja na majina ya sehemu zake, na kwa kazi hii inatosha:

```python
from dataclasses import dataclass
from datetime import date

@dataclass
class Mchumo:
    mchumaji: str
    shamba: str
    siku: date
    pishi: float
    advansi: int | None
```

Sasa ile `dict` ya `list` ya `tuple` inakuwa `list[Mchumo]`. Binamu yangu hana haja ya kuuliza float ya pili ni nini, anaandika `m.advansi` na kihariri kinamkamilishia jina.

Kanuni yangu ya kujua lini niipe safu jina ni pumzi. Soma alama kwa sauti, kwa Kiswahili, kama unamsomea mtu asiyeiona. "Orodha ya michumo": pumzi moja, imefahamika. "Kamusi ya maandishi kwenda orodha ya jozi za maandishi na nambari yenye desimali na nambari yenye desimali au hakuna": pumzi imekatika, na aliyekusikiliza ameshapotea. Mabano ya mraba yakiingiana mara mbili, mimi husimama nikajiuliza kitu hiki wenyewe wanakiitaje. Mara nyingi jina lipo tayari. Watu wamekuwa wakilitumia miaka mingi kabla ya kompyuta.

Pishi si kibaba

Sasa lile lililonigharimu zaidi.

Pishi ni vibaba vinne. Mchumaji hapimiwi pishi kamili kila siku. Anaweza kupata pishi sita na vibaba vitatu, na vile vibaba ni haki yake, havikatwi. Kwa hiyo sehemu moja ya programu ilihesabu kwa pishi, na nyingine, niliyoiongeza baadaye, ilihesabu kwa vibaba ili kuepuka desimali. Zote mbili zilikuwa na alama. Alama zilikuwa hizi:

```python
def ujira(kipimo: int, bei: int) -> int:
```

Pishi sita na vibaba vitatu ni vibaba 27. Tufanye bei ni shilingi 1,000 kwa pishi: ujira ni 6,750. Programu ilipokea 27 ikadhani ni pishi, ikaandika 27,000. Nilikuwa nimechoka, foleni ilikuwa ndefu, giza linaingia, nikalipa kama ilivyoandikwa. Alikuwa bibi mmoja mtu mzima. Alihesabu pesa pale pale, akarudi. "Mwanangu, leo sikuchuma hivi. Tizama tena." Nikatizama. Wawili waliomtangulia nao walikuwa wamelipwa zaidi, na ikabidi niwafuate majumbani mwao usiku ule kuwaeleza.

Alama zilikuwepo, kikaguzi kilikuwa kinapita bila kosa. `int` ni kweli. Lakini `int` haikusema kitu ambacho kila mtoto wa Mtambwe anakijua, kwamba pishi na kibaba ni vipimo viwili.

Dawa ni `NewType`, inayotengeneza aina mpya juu ya aina iliyopo:

```python
from typing import NewType

Vibaba = NewType("Vibaba", int)
Shilingi = NewType("Shilingi", int)

VIBABA_KWA_PISHI = 4

def kutoka_pishi(pishi: int, vibaba: int) -> Vibaba:
    return Vibaba(pishi * VIBABA_KWA_PISHI + vibaba)

def ujira(kipimo: Vibaba, bei_ya_pishi: Shilingi) -> Shilingi:
    return Shilingi(kipimo * bei_ya_pishi // VIBABA_KWA_PISHI)
```

Programu inapokwenda, `Vibaba(27)` ni 27 tu, haiongezi uzito wa kuhesabika. Lakini kwa kikaguzi, `Vibaba` ni aina yake, na ukiita `ujira(6, 1000)` kitakukatalia: nambari tupu haiingii hapa, sema ni nini. Njia yangu ya kutoka kwenye pishi kwenda vibaba ni kupitia `kutoka_pishi`, na mara nne iko humo, mahali pamoja.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, ukijumlisha `Vibaba` na `Vibaba`, kikaguzi kinakuhesabia matokeo kuwa `int`, kwa hiyo unalazimika kuyavisha tena kwa `Vibaba(...)`. Kuna usumbufu kidogo, lakini mimi naukubali pale penye pesa ya mtu. Ya pili, usichanganye `NewType` na jina la badala. Ukiandika

```python
Vibaba = int
```

au, tangu Python 3.12, `type Vibaba = int`, umempa msomaji jina zuri lakini kikaguzi bado kinaona `int`, na pishi zitaingia kwenye vibaba bila kuulizwa. Jina la badala linafaa kufupisha alama ndefu. Kutenganisha vipimo ni kazi ya `NewType`.

Usivishe kila kitu. Maelezo ya shamba yabaki `str`. Umri wa mkarafuu ubaki `int`. Mimi navisha tu pale ambapo nambari mbili zinaweza kubadilishana nafasi na mtu akadhulumika: kipimo, pesa, na kilo za karafuu mbichi na kavu. Hizi za mwisho zinakaa karibu katika daftari, lakini karafuu ikikauka inabaki kama theluthi ya uzito wake, na ukizichanganya umeharibu hesabu ya msimu mzima.

Saa nayo ipo katika kundi hili. Katika daftari la ami, "saa 3" ni saa tatu asubuhi. Ukiipa kompyuta `time(3)`, kwake hiyo ni saa tisa usiku. Niliona `saa: int` katika faili langu na sikujua ni saa ya nani. Sasa iko hivi:

```python
SaaYaMchana = NewType("SaaYaMchana", int)  # kama tunavyosema: 12 ni ya asubuhi

def kwa_kompyuta(saa: SaaYaMchana) -> time:
    return time(saa % 12 + 6)
```

Saa 3 inatoka 09:00, na saa 12 ya asubuhi inatoka 06:00. Baada ya mlango huo, programu nzima inatumia `time`, na hakuna tena `saa: int` mahali popote.

None ina maana gani hapa

`advansi: int | None` inasema advansi huenda haipo. Haisemi kutokuwepo kwake kuna maana gani. Katika daftari letu, nafasi tupu ilikuwa na maana mbili: mtu hakuchukua advansi, au aliyeandika alisahau. Ukiichukulia ya pili kama ya kwanza unampa mtu pesa mara mbili. Ukiichukulia ya kwanza kama ya pili unamkatia asichochukua. Alama haiwezi kusema hayo peke yake, na pale ambapo haiwezi ongeza maneno machache:

```python
advansi: Shilingi | None  # None: haijaandikwa bado; 0: hakuchukua
```

Maelezo ya namna hii nayapenda kuliko aya ndefu juu ya fankisheni, kwa sababu yanakaa karibu na kitu chenyewe, na mtu akibadilisha alama atayaona.

Mengine kwa ufupi

Kitu chenye thamani chache zinazojulikana, kitaje kwa thamani zake. Karafuu zinauzwa kwa madaraja, basi `Daraja = Literal[1, 2, 3]` inamwambia msomaji yote, na mtu akiandika daraja la 4 kikaguzi kinamkamata.

Kinachoingia kipokee kwa upana, kinachotoka kitaje kwa usahihi. Kama fankisheni inapita tu kwenye michumo mmoja mmoja, omba `Iterable[Mchumo]`, usidai `list`. Lakini ukirudisha orodha, sema `list`.

`Any`, yaani chochote, iwe ya dharura. Inakizima kikaguzi mahali hapo, na inamwambia msomaji kwamba mwandishi hakutaka kufikiri. Kama kweli kitu chochote kinaweza kuingia, andika `object`: kikaguzi hakitakuruhusu kukitumia hovyo, na msomaji ataelewa kuwa ulikusudia.

Mstari wa fankisheni ukizidi upana wa kioo, shusha kila kigezo kwenye mstari wake. Jicho litashuka kama linavyoshuka kwenye safu za daftari.

Na usiseme mara mbili. Nimeona misimbo yenye alama `bei: Shilingi` na chini yake maelezo kuwa bei ni ya shilingi. Siku moja kimoja kitabadilika na kingine kitabaki, na msomaji hatajua amwamini nani.

Namna ya kuanza na faili la zamani

Isakinishe mypy kwa `pip install mypy`. Ukishaipakua haihitaji intaneti, na kwetu hilo ni jambo kubwa, mtandao huku shamba hauna ahadi. Chagua faili moja, lile linalogusa pesa. Lifungue, tafuta fankisheni inayoitwa zaidi, iandikie alama mlangoni, kisha endesha `mypy ujira.py`. Usianze na `--strict`, ukaguzi wake mkali. Utapata makosa mia na utafunga kompyuta. Rekebisha fankisheni moja, endesha tena, nenda kwenye inayofuata. Mimi nilimaliza faili la ujira kwa jioni nne, baada ya kupima.

Ule mstari wa mwanzo sasa uko hivi:

```python
def ujira_wa_wachumaji(
    michumo: Iterable[Mchumo],
    bei_ya_pishi: Shilingi,
) -> dict[NambariYaMchumaji, Shilingi]:
```

Nilimsomea ami, kwa Kiswahili, kama ulivyo: nipe michumo na bei ya pishi kwa shilingi, nikurudishie kwa kila nambari ya mchumaji shilingi zake. Ami hajui Python. Alisikiliza, akauliza: "Na wale waliochuma mashamba mawili kwa siku moja?"

Lilikuwa swali la haki. Jina la shamba nilikuwa nimelihamishia ndani ya `Mchumo`, kwa hiyo mtu huyo ana michumo miwili na nambari moja, na ujira wake unajumlishwa. Nikamwonyesha mistari yake miwili na jumla yake, akatikisa kichwa kukubali, tukaendelea na faili la kuanika, ambalo bado lina `siku` nyingine mbili nisizozifikia.